Skola Alivyotusindikiza

Nyie mashoga zangu mmenichosha. Nikienda bombani nasimulia, nikitoka kanisani nasimulia, na kila mmoja anaondoka na kipande chake, anakitia chumvi njiani. Juzi nimesikia eti mtoto tumemwokota kwenye treni. Mwingine anasema mume wangu Fabiani kaoa Karema. Sasa nasimulia lote mara moja, tangu tulivyotoka Tabora mpaka tulivyorudi, halafu asinisimamishe mtu tena.

Skola mnamkumbuka, yule binti aliyekuwa anakaa kwa binamu yake nyuma ya nyumba yetu. Alikuja mjini kutafuta kazi, akapata mimba, na mwanamume mwenyewe akaenda machimboni na mpaka leo hajaleta hata salamu. Siku moja nikiwa kwenye cherehani yangu akaja akakaa mkekani, akasema yeye hana uwezo wa kulea na mimi sina mtoto wa kulea, kwa hiyo atazaa yeye, nilee mimi. Alisema kama mtu anayeazima ungo. Lakini masharti alikuwa nayo. Mtoto ajue tangu mwanzo kwamba Skola ndiye aliyemzaa, Skola awe anakuja kumwona, na mimi niwepo siku ya kuzaliwa. Nilikubali kabla hajamaliza. Miaka tisa ya ndoa, na mnajua wenyewe maneno niliyosemwa. Basi yeye akatangulia kwao Karema, ziwani, akajifungulie kwa shangazi yake aliyemlea. Mambo ya ustawi wa jamii na mihuri yake nayaruka, mtasinzia.

Tabora hadi Mpanda

Treni ilikwenda vizuri mpaka tulipoingia njia ya Mpanda. Baada ya hapo ikawa inasimama kila penye mti. Tulipovuka mto Ugalla ikasimama kabisa. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli huko mbele, wakasema mafundi wanakuja. Watu wakashuka, wakawasha moto, wakabandika chai. Mimi nilikaa dirishani na furushi langu la nguo za mtoto mapajani, nawaza kwamba mtoto anazaliwa sasa hivi, na mimi nimekaa porini naangalia nyani.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kisukuma, anawafuata wanawe waliohamia Majimoto na ng'ombe. Alikuwa na matobolwa, yale makavu ya viazi, na karanga, akatugawia bila kuuliza. Nikafungua furushi nitafute kitambaa cha kujifuta, vikachomoza visweta vya manjano nilivyofuma. Akaviangalia. Akaangalia tumbo langu, akaviangalia tena. Akaniuliza ina miezi mingapi.

Sasa ningemwambia nini? Nilianza kueleza kwamba mtoto ni wangu ila anazaliwa na mwingine, nikaona macho yake yanazidi kunionea huruma, nikaacha. Nikasema iko karibu. Akasema hata yeye mimba zake zilikuwa hazionekani, akanihamishia kwenye kona yake, akanikunjia blanketi mgongoni, na kila tuliposimama akawafukuza wavuta sigara. Fabiani alikuwa anacheka kwenye kola ya shati. Nikasafiri na mimba isiyokuwepo mpaka mwisho wa reli, na niseme kweli, nilijisikia vizuri. Tulipofika Katumba, pale ambapo wakulima wengi asili yao ni Burundi, yule mama aliteremka mwenyewe kuninunulia ndizi mbivu ili mtoto apate nguvu. Nilizila zote, na aibu yangu.

Mpanda hadi Karema

Mpanda tulifikia Misunkumilo, kwa baba yake mdogo Fabiani. Tulidhani tutalala tu na kuondoka, kumbe lori la Karema lilikuwa halijarudi kutoka Karema. Kila asubuhi tunabeba mizigo mpaka kwenye maegesho, tunakaa juu ya magunia, jioni tunairudisha. Majirani wakazoea kutuaga na kutukaribisha siku hiyohiyo.

Baba mdogo alituonya tusiende ukweni kwa watu mikono mitupu. Alisema ukweni kwa mazoea tu, kama wazee wanavyosema, na mimi sikulitilia maanani. Kanga doti mbili nilikuwa nazo, na blanketi. Fabiani akaona hazitoshi. Siku lori lilipokuja, mimi nikiwa nalinda mizigo, akakimbia sokoni akarudi na kitu kirefu kilichofungwa gazeti. Jembe jipya, na mpini wake. Akasema wale ni wakulima, watafurahi. Nikaona kafikiri vizuri. Mimi na Fabiani tumezaliwa mjini, jembe kwetu ni jembe.

Dereva alikuwa kavaa fulana ya kampeni ya chama kimoja na kofia ya chama kingine. Akasema barabarani huwezi kujua utakwama kijijini kwa nani. Na kweli tulikwama. Kupita Kabungu lori lilizama mpaka ekseli, tukashuka wote kukata matawi na kusukuma, na mbung'o wakatushughulikia kisawasawa. Akina mama wakapika ugali kando ya njia, mboga ni dagaa wa abiria mmoja ambaye hata hakuulizwa. Mimi sikula. Nilikuwa nazunguka lile lori kama askari wa zamu, namuuliza dereva kila saa kama tutafika leo. Mwishoni akanijibu kwamba hata akinibeba mgongoni hatutafika leo. Watu wakacheka, nikanuna mpaka tulipoliona ziwa.

Karema

Tulimkuta shangazi peke yake. Skola alikuwa kaenda zahanati kupimwa. Niliposikia kwamba bado hajajifungua, nikakaa chini hapohapo uani.

Shangazi ni mama mrefu, mkavu, haongei sana. Tulisalimiana vizuri. Mimi nikatoa kanga na blanketi, akashukuru. Halafu Fabiani akalifungua lile jembe, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili na kichwa kainamisha, maana mume wangu akitaka kuwa na adabu anakuwa nayo yote kwa pamoja. Shangazi akaliangalia kwa muda. Akauliza, wewe ndiye unayelileta? Fabiani akasema ndiyo, mama, ni mimi, nimekuja nalo kwa ajili ya Skola. Akauliza tena, na mkeo anajua? Fabiani akasema tumeshauriana.

Shangazi akasimama, akatoka nje ya ua, tukasikia kigelegele. Wakaja majirani. Jogoo akakamatwa. Mchele ukatolewa, na kule mchele si wa kila siku. Nikamwambia Fabiani, unaona, kumbe wametukubali. Naye anafurahi. Kila mzee anayeingia anamwita mkwe, anaitika. Lakini mimi wanawake walikuwa wananiangalia kwa namna nisiyoielewa. Mmoja alinishika bega, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwingine akaniletea paja la kuku, lile la heshima, akasema kula, mdogo wangu, moyo utazoea.

Mwisho shangazi mwenyewe akaja akakaa karibu yangu. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, una moyo," akasema. "Wake wengi hawawezi kumsindikiza mume wao kuoa."

Nilitafuna ule mnofu mpaka ukaisha ladha. Nikamwangalia Fabiani kule kwenye kundi la wanaume, kanyoosha miguu, anacheka, anaitwa mkwe. Nitawaambia ukweli, nilimshuku. Nikamshuku na Skola. Nikaanza kukumbuka mara ngapi yule binti alikuja kwangu Fabiani akiwepo, na nani alimkaribisha. Nikajiona mjinga niliyefuma visweta vya mtoto wa mume wangu.

Skola akarudi, tumbo mbele, akakuta uwanja umejaa. Akaliona jembe limeegemezwa mlangoni. Akauliza la nani, akaambiwa. Basi akakaa chini kwenye mchanga, akashika tumbo, akacheka mpaka machozi. Ndipo tulipoelezwa kwamba jembe jipya likiletwa na mwanamume kwenye nyumba yenye binti, pale ni posa, na shangazi kalipokea. Fabiani alisimama kama kamwagiwa maji. Kuona uso wake ule, roho yangu ikatulia. Mtu mwenye hila hawezi kuwa na uso wa namna ile.

Kila mtu akacheka, isipokuwa shangazi. Alisubiri watu waondoke, akatuita ndani. Habari ya mimi kulea mtoto, Skola alikuwa kamgusia, lakini yeye alielewa kwamba nalea kama mke mkubwa.

"Ungekuwa mke mwenzake ningeelewa," akaniambia. "Mtoto angekuwa na kwao. Sasa nikiulizwa mtoto wa Skola yuko wapi, niseme yuko kwa nani? Wewe ni nani kwetu?"

Skola akasema, shangazi, mtoto ni wangu na nimeshaahidi. Shangazi akasema ahadi ni yako, ukoo si wako. Akasema hatoi mtoto kwa mpita njia, hata awe mwema namna gani. Jembe alikataa kulirudisha, akasema atalimia muhogo.

Zahanati

Tukakaa hivyohivyo, hatujakubaliwa wala hatujafukuzwa. Chakula tunapewa, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lile, ya kuchoma, na shangazi ananichagulia kipande kinono, lakini swali lake halijibiwi. Usiku Fabiani ananiambia tuombe Mungu. Mchana naosha vyombo vya shangazi, nakamua nguo zake, nasema labda ataona. Alikuwa anaona na hasemi. Nilijua kabisa naweza kurudi Tabora na furushi langu vilevile lilivyo.

Uchungu ulimshika Skola asubuhi, tukiwa tunamenya muhogo. Tukamkokota mpaka zahanati, tunasimama kila anaposimama. Mkunga akasema chumba ni kidogo, aingie ndugu mmoja wa mzazi. Mimi nikarudi nyuma. Shangazi alikuwa tayari kashika mlango. Akageuka, akaniangalia, na sijui aliona nini, maana mimi nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka. Akaachia mlango.

"Dada yake huyu hapa," akamwambia mkunga. "Ingia wewe. Dada mkubwa hakai nje mdogo wake akizaa."

Nikaingia. Nyie, sikujua kitu. Nilishika mkono wa Skola, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Akipumua napumua, akiguna naguna, akiambiwa sukuma nasukuma. Mkunga akanitazama akasema, wewe mama, hebu pumzika, wewe huzai. Skola, katika maumivu yake, akacheka kidogo, na katika kicheko kile kichwa kikatoka. Halafu mtoto mzima, wa kike, kakunja uso kama mdai. Akalia. Mkunga akamfunga kitambaa, akasimama naye, akatuangalia sisi wawili, anangoja mmoja anyooshe mikono.

Mimi nilitaka kunyoosha. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini mikono ilikataa, kwa sababu yule binti alikuwa bado anatetemeka mbele yangu. Nikasema mpe mama yake. Skola akampokea, akamlaza kifuani, akanivuta kanga nisogee, tukamwangalia pamoja.

Nje shangazi alikuwa ameshatoa tangazo kwa watu wote waliokuwa kwenye benchi. Mtoto atakwenda Tabora kwa mama yake mkubwa. Alilisema mara mbili, kama anajaribu kiatu. Likamkaa. Kwa watu wengine hilo ni jina tu, lakini kwake kitu chote kilikuwa kimepata mahali pake, mama mzazi huku, mama mkubwa kule, na mtoto wa wote wawili. Fabiani akawa shemeji. Alishukuru kupandishwa cheo kutoka kwenye ukwe.

Karema hadi Mpanda

Tulingoja mpaka kitovu kikadondoka na Skola akapata nguvu. Lori likaja. Asubuhi ya kuondoka shangazi alimwogesha mtoto, akamnyanyua, akamfunga mgongoni kwa Skola. Skola akasema atatusindikiza.

Hilo lilikuwa sawa. Nani anaacha mgeni aondoke bila kumsindikiza? Nikajua atanipa mtoto kwenye lori. Tukafika kwenye lori. Fabiani akapanda, nikapanda, nikainama na mikono yangu tayari. Skola akanipa kikapu. Halafu akashika ubao, akapanda naye, akakaa kwenye gunia, akamgeuza mtoto mbele akamnyonyesha. Nikamwangalia Fabiani. Fabiani akaangalia mawingu.

Labda Kabungu, nikasema moyoni. Kabungu tukanywa chai, tukaendelea.

Sasa nyie mnajua taratibu. Anayesindikiza hasemi anaishia wapi. Anayesindikizwa ndiye anasema basi, inatosha, rudi, naye anajibu nifike hapo mbele tu, mnabishana kidogo, mnaachana. Zamu ya kusema ilikuwa yangu. Lakini nikisema inatosha, maana yake nini? Maana yake fungua mbeleko, nipe. Kila nikijiandaa kusema, mtoto ananyonya, au kalala, au Skola anamwimbia kitu cha kwao. Nikameza. Fabiani akaninong'oneza niseme tu kwa adabu. Nikamwambia aseme yeye. Akasema hayo ni mambo ya dada na dada.

Misunkumilo baba mdogo alitupokea, akamwona Skola na mtoto, akaniona mimi na kikapu, akampongeza Fabiani kwa mke wa pili. Nilikuwa sina nguvu ya kubisha. Nilimwacha Fabiani aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kumkonyeza.

Mpanda hadi Tabora

Stesheni, nikasema. Stesheni ndipo watu wanaachana. Tulikaa pale tangu asubuhi, treni imechelewa, tukala mahindi ya kuchemsha. Skola alinifundisha kumfunga mtoto asilegee shingo, akamfungua, akamfunga tena mgongoni kwake. Treni ikapiga honi. Nikasimama, nikamwangalia usoni, nikasema, "Skola."

"Abee, dada."

Nikasema kikapu kiko wapi. Akasema unacho mkononi. Tukapanda wote.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikuonyesha, lakini nilikasirika. Nilijua sasa kabadili mawazo na ananiogopa, anangoja tufike ndipo aniambie. Nikajipa moyo mgumu. Halafu namwangalia anavyomfunika mtoto na kile kisweta cha manjano, hasira inaisha, nabaki sielewi namuonea nani huruma. Katumba wauza ndizi waliuliza dirishani mtoto ni wa nani kati yenu. Skola akajibu, wetu. Njia nzima ndilo neno pekee alilolisema juu ya jambo hilo, na mimi nililigeuzageuza mpaka Kaliua bila kulipata upande wake wa juu.

Nyumbani

Tukafika. Skola akaingia mpaka chumbani. Akabonyeza godoro, akafungua dirisha, akaangalia chandarua kama kina matundu. Akamfungua mtoto, akamlaza katikati ya kitanda. Akakaa ukingoni. Mimi nimesimama mlangoni na kikapu.

"Dada, mbona hukuniambia inatosha?" akaniuliza.

Nikasema nilishindwa.

"Nilikuwa nangoja useme," akasema. "Kwenye lori, Kabungu, Mpanda, kote nangoja. Ungesema ningekupa mtoto, nimeshaahidi. Lakini ningejua siku moja utanifungia na mlango. Hukusema. Sasa nimefika."

Nikaweka kikapu chini. Nililia mpaka Fabiani akaja kuuliza nani kafa.

Skola akakaa kwetu mpaka mtoto akazoea chupa, na nyie mlimwona, mkaanza maneno yenu. Maziwa yalimsumbua, nikawa namkanda kwa maji ya moto, analia, nalia. Jina la mtoto alilichagua yeye na Fabiani, wakaja kunitaarifu. Anaitwa Oliva. Mwanzoni sikulipenda, sasa naona hakuna linalomfaa zaidi.

Juzi Alhamisi akasema anarudi Karema, shangazi anapanda muhogo peke yake, na atakuja Krismasi. Akamnyanyua Oliva, akamnusa shingoni kwa muda mrefu. Akamleta nyuma yangu, akamweka mgongoni, akapitisha kanga, akaifunga mwenyewe kifuani pangu, akaivuta kuona kama imekaza.

"Haya," akasema, "sasa nyie nisindikizeni."

Tukatoka, Fabiani na begi, mimi na mtoto. Mlituona njiani, wengine mlisimama kuangalia. Nilikuwa natembea polepole kwa makusudi. Oliva alikuwa na joto, kalaza shavu mgongoni pangu. Kwenye makutano ya barabara, kabla stesheni haijaonekana, Skola akasimama. Macho yalikuwa yamejaa lakini sauti haikutetemeka.

"Inatosha, dada. Rudi, jua litamchoma mtoto."

Nikasema, nifike hapo mbele tu.